Isale Katikati ya Mashine

Tangu babu azikwe, baba na baba mdogo hawakusemezana kwa maneno. Walisemezana kwa milimita. Baba akitanua tundu la shafti kidogo, baba mdogo anajibu kwa kuiacha ngoma nene zaidi. Baba mdogo akiipunguza ngoma, baba anasogeza bamba karibu. Mimi nilikaa katikati na michoro yangu, nikipokea matusi ya watu wawili wasiotukanana.

Karakana yetu ilikuwa Majengo, mjini Moshi, nyuma ya maduka ya vitambaa, mahali ambapo adhana na nyundo vilikuwa vimezoeana siku nyingi. Tulitengeneza mashine za mkono za kumenyea kahawa. Asiyezijua nitamweleza, si kazi kubwa. Mkulima anamimina kahawa mbivu juu, anazungusha mkono wa chuma, ngoma yenye vinundu inayasukuma yale matunda kwenye bamba lililopinda, ganda linakwenda huku na punje inatoka kule. Siri yote iko kwenye nafasi nyembamba kati ya ngoma na bamba. Ikibana, punje inapasuka. Ikilegea, kahawa inapita na ganda lake kama ilivyoingia, na mkulima anakurudia na maneno ambayo mzee wa kanisa hapaswi kuyasikia.

Baba yangu, Eliakim, ndiye kifungua mimba. Yeye alitengeneza bodi: sanduku la chuma, miguu na lile bamba. Baba mdogo, Ndelilio, ndiye kitinda mimba. Alikaa kwenye mashine ya kukereza, ambayo aliinunua mwenyewe kabla hajaoa, akichonga ngoma na shafti. Babu alipokuwa hai alisimama kati yao na fimbo yake, na neno lake ndilo lililokuwa kipimo. Alipofariki, mila ilijua la kufanya na kihamba chake, shamba la nyumbani, kule Machame: kitinda mimba abaki na nyumba ya baba na migomba inayoizunguka, kifungua mimba achukue shamba la juu, na katikati yapandwe masale, ile mimea ya mpaka. Mila yetu inajua mengi. Mbuzi akichinjwa, inajua kidari ni cha nani na shingo ni ya nani. Lakini karakana? Wazee waliopanga hayo yote hawakuwahi kuona mashine ya kukereza. Baba akasema mkubwa ni mkubwa. Baba mdogo akasema aliyeachiwa nyumba ya mzee ameachiwa na kazi ya mzee. Wakaacha kusalimiana, na mama yangu akaacha kuleta mtori karakana kwa sababu hakujua bakuli la kwanza ampe nani.

Mimi nilirudi kutoka chuoni Dar es Salaam mwaka 2002, nikiwa na kompyuta ya mtumba na programu ya kuchorea mashine. Walinipokea kwa furaha, kila mmoja kwa wakati wake.

Zamani kila kipande kilikuwa na karatasi yake. Ukibadilisha ngoma, ilibidi ukumbuke kubadilisha bamba, na matundu, na kifuniko, na mtu mmoja akisahau, chuma cha wote kinageuka chakavu. Ndani ya kompyuta niliviumba vipande vyote, nikaviweka pamoja vikawa mashine nzima, kisha nikavifunga vipimo. Nikaliambia bamba: kupinda kwako si namba yako, ni upana wa ngoma pamoja na nafasi ya punje. Nikaliambia sanduku: na wewe upana wako utautoa hukohuko. Basi nikiandika namba mpya kwenye ngoma, mashine nzima inajipanga yenyewe mbele ya macho yako. Siku ilipokubali mara ya kwanza nilipiga kigelegele peke yangu, mpaka jirani muuza vitenge akaja kuuliza nani kajifungua.

Baba mdogo alikuja kutazama akiwa na grisi hadi kwenye viwiko.

“Rudia,” alisema. Nikarudia. “Rudia tena.” Akainama karibu na skrini. “Kwa hiyo mimi nikisogea, na yeye anasogea?”

“Bodi ndiyo inayosogea, baba mdogo.”

“Ndiyo hivyohivyo,” alisema, akarudi kwenye mashine yake akipiga mluzi wa wimbo wa Pasaka, na Pasaka ilikuwa imekwisha zamani.

Baba alisikia mluzi ule. Alikuja baadaye, mikono nyuma, kama mkaguzi wa shule.

“Na mimi nikibadilisha bodi, ngoma inasogea?”

“Hapana, baba. Bodi ndiyo inayofuata.”

“Mimi ndiye niliyezaliwa kwanza, halafu bodi yangu ndiyo ifuate?”

“Baba, hiki ni chuma tu.”

“Hata chuma kina adabu, Eunike. Kifanye kila kimoja kimfuate mwenzake.”

Nilijaribu, kwa kuwa ni baba yangu. Nikaifunga ngoma kwa sanduku, na sanduku lilikuwa tayari limefungwa kwa ngoma. Kompyuta ikakataa, maandishi mekundu yakajaa. Nikamweleza: ngoma ikisema namba yangu iko kwa sanduku, na sanduku likisema namba yangu iko kwa ngoma, basi namba yenyewe haipo popote, na mashine haiwezi kujengwa. Lazima mmoja aongoze. Baba aliyatazama yale maandishi, kisha akaniuliza kama hao waliotengeneza programu walizaliwa peke yao kwao.

Sikucheka. Nilijua kilichokuwa hatarini. Karakana ikivunjika ningetakiwa kuchagua, na binti wa Eliakim hana cha kuchagua, atabaki kwa Eliakim. Lakini baba mdogo ndiye aliyenifundisha kushika kisu cha kukerezea nikiwa na sare ya shule ya msingi, ndiye aliyemwambia baba kwamba mtoto wa kike akienda kusomea mashine hakuna mgomba utakaonyauka. Nilikuwa nawapenda wote wawili na nilikuwa nimewachoka wote wawili. Mtu asiyejua hali hiyo hana ndugu.

Miaka ile bei ya kahawa ilikuwa imeanguka vibaya. Huko mlimani wengine walikuwa wanaing'oa na kupanda nyanya, na wanunuzi binafsi walipita na mizani ambayo kila mtu aliitilia shaka. Mama Salvina wa Kibosho hakung'oa. Aliwakusanya wenzake wakulima, wakakubaliana kumenya kahawa yao mahali pamoja, kuiosha vizuri na kutafuta soko wenyewe. Alikuja kwetu kutaka mashine zenye ngoma kubwa kuliko za kawaida.

“Yangu ya nyumbani ni ya mtu mmoja,” alisema. “Sisi sasa ni wengi. Nitengenezeeni zisizotuchelewesha mpaka kahawa ichache.”

Nilikuwa nimewafundisha baba na baba mdogo kufungua faili na kuandika namba. Baba aliandika kwa kidole kimoja, kama anayetumbua jipu. Siku moja nilipokuwa mazoezi ya kwaya, alifungua faili la mashine ya Mama Salvina, akavikata vile vifungo nilivyovifunga, akaipa bodi namba zake mwenyewe, kubwa kiasi alichoona kinatosha. Kisha akaenda kukata chuma. Baba mdogo naye, bila kujua, akaamua kuipanua ngoma zaidi. Wasiwasi wa nini? Si Eunike amesema bodi inafuata? Kila mmoja alifanya kazi yake safi kabisa. Sijaona ngoma nzuri kama ile, wala sanduku lililochomelewa vizuri kama lile.

Mama Salvina alikuja na wanawake wa kikundi na debe la kahawa mbivu, tujaribu. Baba mdogo aliibeba ngoma begani, akaishusha kwenye sanduku, na ngoma haikuingia. Aliigeuza, akajaribu upande wa pili. Haikuingia. Baba akachukua tupa akaanza kulisugua bamba, kana kwamba tatizo ni kutu.

“Acha kusugua,” baba mdogo alisema, akiniangalia mimi. “Eunike, mwambie baba yako aache kusugua. Alikata vifungo.”

“Mwambie baba yako mdogo,” baba alijibu, “kwamba mimi si mkia wa mtu.”

Yaliyofuata yalikuwa kwa Kichagga, na sitayaandika. Mama Salvina alijitwisha debe lake mwenyewe, akakataa kusaidiwa. Mlangoni aligeuka akasema, “Msimu huu tutamenyea nyumbani kwangu kama zamani. Mkimaliza ya kwenu, mtanitafuta.” Nilitamani sakafu ipasuke.

Wiki ile baba mdogo akatangaza kwamba baada ya Krismasi atahamisha mashine yake ya kukereza kwenda kwake Shirimatunda. Alinivuta pembeni. “Twende wote. Utachora kwangu. Wewe ni mtoto wangu pia.” Baba hakunivuta pembeni. Alisema mbele ya kila mtu, akipanga vyuma, kwamba mtoto anajua kwao ni wapi.

Desemba Wachagga wote hupanda mlimani, waliogombana na wasiogombana. Tulikwenda Machame. Mbuzi alichinjwa, akagawanywa bila mtu kuuliza swali, kila mmoja akapata kilicho chake, tukala machalari, mbege ikapita kwa wanaokunywa. Baba na baba mdogo walikaa kwenye benchi moja kanisani, mama na mke wa Ndelilio wakiwa katikati yao. Kwetu mtu anayetaka suluhu hupeleka jani la isale, mmea uleule wa mpaka, na aliyepelekewa hawezi kukataa. Niliwaza kumfungia kila mmoja jani. Lakini jani hupelekwa na aliyekosa, na pale hapakuwa na aliyekubali kuwa ndiye.

Siku chache baada ya sikukuu mvua ilinyesha kidogo, udongo ukalainika, na wote wawili wakatoka kupanda machipukizi ya migomba. Nilikuwa nimekaa uani nikimenya ndizi na mama. Baba alikuwa upande wa juu wa mstari wa masale, baba mdogo upande wa chini. Baba alisimama kwenye masale, akahesabu hatua kwenda kwake, akachimba. Baba mdogo naye alisimama kwenye masale yaleyale, akahesabu hatua kwenda kwake, akachimba. Hawakutazamana. Wala hakuna aliyepima kutoka kwenye mgomba wa mwenzake, na migomba ilikuwa inapangika vizuri pande zote mbili.

Kisu kikasimama mkononi mwangu.

“Mama, haya masale ni ya nani?”

“Ya nani tena? Ni ya mpaka.”

“Sawa, lakini ni ya baba au ya baba mdogo?”

“Wewe mtoto, umepigwa jua? Si ya mtu. Anayeyang'oa anatafuta laana. Menya ndizi.”

Nilimenya ndizi, lakini akili ilikuwa Majengo. Nilikuwa nimeitesa ile mashine bure. Kwa nini sanduku lipime kutoka kwenye ngoma, au ngoma kutoka kwenye sanduku? Nilichohitaji ni mchoro mtupu usio chuma cha mtu yeyote: mstari wa katikati ambapo shafti italala, duara moja la kuzunguka mstari huo, na nafasi ya punje. Basi. Ngoma ipime kutoka hapo, bodi nayo ipime kutoka hapo hapo, na kusiwe na kamba yoyote kati ya ngoma na bodi. Nilijiona mjinga kidogo na mwenye furaha sana. Waliotufundisha chuoni huenda walilisema hilo siku ambayo nilikuwa nasinzia, lakini halikuniingia mpaka nilipoliona likifanywa na watu wawili walionuniana.

Niliporudi Moshi sikwenda kwa baba wala sikwenda Shirimatunda. Nilipanga chumba hapo hapo Majengo, jirani na msikiti, nikahamishia kompyuta huko. Baba mdogo alikuwa ameshaondoa mashine yake. Karakana ilibaki na alama nne za miguu ya mashine sakafuni. Nilipoziona nililia, sina sababu ya kuficha. Mpaka siku ile nilikuwa na matumaini ya kijinga kwamba angebadili nia.

Baba alinikasirikia kwa chumba. Binti ambaye hajaolewa, baba yake yuko mjini hapa hapa, anapanga kwa watu? Nikamwambia, “Shikamoo baba,” kisha nikamwambia kwamba nimempigia Mama Salvina simu ya kibandani, bado anazitaka mashine, na namba ya mashine zake itaandikwa chumbani kwangu, yeye na mdogo wake wakiwepo. Baba mdogo nikamwambia hivyohivyo. Kila mmoja alisema hatakuja.

Wote walikuja. Baba alifika kwanza, bila shaka. Baba mdogo alipoingia alikuta viti viwili, kimoja kila upande wa meza, akakaa akiitazama kalenda ukutani kana kwamba hajawahi kuona mwezi wa Januari. Nikawapa chai. Kisha nikawafungulia mchoro: mstari, duara, nafasi.

“Mashine iko wapi?” baba aliuliza.

“Inakuja. Hii kwanza ni isale.”

Nikawaonyesha bila kueleza sana. Niliandika namba ya kujaribia kwenye lile duara. Ngoma ikatanuka na sanduku likatanuka, wakati mmoja, bamba likajikunja zaidi, nafasi ya punje ikabaki vilevile. Nikapunguza, vyote vikarudi. Baba aliweka kikombe chini.

“Ipi imeanza?”

“Hakuna, baba.”

“Fanya tena, polepole.”

Nikafanya. Aliikodolea macho skrini akitafuta kosa, na baba mdogo naye alikuwa anatafuta kosa kutoka upande wake. Walifanana, sura zile mbili. Hakuna aliyelipata.

“Sasa,” nikasema, “namba ya kweli. Siandiki mpaka niisikie moja kutoka kwenu wote.”

Baba mdogo akakohoa. “Mwambie baba yako ngoma ya kikundi ni lazima iwe kubwa kama nilivyoichonga.”

“Mimi si tarishi, baba mdogo. Ameketi hapo.”

“Eunike,” baba alisema kwa ukali.

“Nimechoka, baba!” Sauti yangu iliwashtua, na mimi pia. “Mnanipitisha kati yenu kama mlango. Nawapenda, na nimechoka. Kama hamwezi kutaja namba, nyweni chai mwende.”

Nilijua nimevuka mpaka, mtoto kuwafokea wazee. Nje mtu alikuwa anashindilia baiskeli upepo. Ndipo baba alipoanza kusema, akiiambia meza.

“Ngoma kubwa hivyo, mkono wake utakuwa mzito. Watakaoizungusha ni kina mama, kutwa nzima.”

“Nitaurefusha mkono,” baba mdogo alisema, naye akiiambia meza.

“Ukiurefusha, bodi itayumba.”

“Si utanue miguu!”

“Nitanue miguu mpaka wapi, Ndelilio? Wataiweka wapi, barabarani?”

“Kwani lile sanduku lako la mwanzo lilikuwa na upana gani? Si uliona mwenyewe halitoshi hata chungu!”

Walikuwa wanagombana. Walikuwa wanagombana uso kwa uso, kwa majina yao, wakichora juu ya meza yangu kwa vidole vilivyolowa chai, na mimi nikamshukuru Mungu kimoyomoyo kwa ugomvi ule. Uliendelea mpaka muadhini akaita na akamaliza. Kisha baba akaegemea kiti. Akamtazama mdogo wake machoni kwa mara ya kwanza tangu tulipotoka makaburini.

“Wewe unaonaje?” aliuliza.

Mimi nilimjua baba maisha yangu yote, na nilikuwa sijawahi kumsikia akimwuliza mdogo wake neno hilo. Alikuwa akimwamuru, alikuwa akimkosoa, siku nyingine alimsifia mbele ya wateja. Kumwuliza, hapana. Baba mdogo akavua kofia yake akaiweka gotini, mtu mzima mwenye mvi.

“Hilo tu, kaka,” alisema. “Hilo tu ndilo nililokuwa nalitaka. Karakana sina haja nayo.”

Baba akaifuta ile michoro ya chai mezani kwa kiganja.

“Andika ya kaka, Eunike,” baba mdogo akaniambia. “Ndogo. Mkono usiwaumize kina mama.”

“Hapana,” baba akasema. “Andika ya Ndelilio. Miguu nitaitanua.”

“Kaka, nimesema yako.”

“Na mimi nimesema yako! Kwani huelewi?”

Basi wakaanza upya, kila mmoja sasa akiitetea namba ya mwenzake kwa nguvu zilezile, na mimi vidole viko juu ya vitufe sina cha kuandika. Nikawaambia watoke nje wakakubaliane kwanza, maana chumba ni kidogo. Walitoka. Nilipochungulia dirishani walikuwa wamesimama ukutani kwa msikiti, baba mdogo akizungusha mkono wa mashine isiyokuwepo, baba akiwa amemshika bega akimwonyesha pa kusimama. Chai yao ilipoa mezani. Sikuwaita.